Siri ya mgonjwa au taarifa kwa mamlaka? Ulinganisho kwa anayeshika zamu

Nesi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, mtaalamu wa maabara, hata dada wa duka la dawa: wote wana madeni mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kufunga mdomo, la pili ni kuufungua. Siku madeni hayo yanapogongana, mara nyingi hakuna wa kumuuliza. Mganga mfawidhi yuko semina, mgonjwa yuko mbele yako, na nje ya mlango kuna ndugu wanne wanaotaka kujua.

Wengi hulipanga jambo hili kama mizani: siri upande huu, usalama wa jamii upande ule, chagua. Mimi naona haliko hivyo. Sheria zetu hazikupi uchaguzi mmoja wa jumla. Kuna mahali kusema ni lazima, kuna mahali ni ruhusa tu, na kuna mahali ni marufuku. Shida ni kwamba tumeyapindua. Majibu ya VVU ya jirani yanafika sokoni kabla mwenyewe hajafika nyumbani, lakini mtoto aliyeungua kwa namna isiyoeleweka anaandikiwa dawa ya kupaka na kuruhusiwa.

Nitalinganisha Tanzania Bara na Kenya, maana ndugu hawa wawili wanafanana kwa mengi na kuachana mahali muhimu. Aliye Unguja au Pemba akumbuke kwamba Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Mtoto ya 2011.

Kila upande unamlinda nani

Siri ina ngome nene. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha; ya 31 ya Katiba ya Kenya inaenda mbali zaidi na kutaja habari za familia na mambo binafsi yanayodaiwa au kutolewa bila ulazima. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ya Kenya ya 2019. Zote zinaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya ina pia Sheria ya Afya ya 2017, ambayo kifungu chake cha 11 kinafaa kubandikwa ukutani kwa uwazi wake: habari za mgonjwa hazitoki isipokuwa kwa idhini yake ya maandishi, kwa amri ya mahakama au sheria nyingine, au pale kutosema kunapoleta hatari kubwa kwa afya ya umma.

Lakini siri haikuletwa na sheria hizi. Imekuwepo kwa sababu mtu akijua yatasikika, haji. Wapo wanaopita mbele ya kliniki ya jirani na kupanda daladala mbili kwenda kuchukua ARV mahali wasipojulikana. Nauli ikikosekana mwezi mmoja, dozi inakatika. Huko ndiko siri iliyovuja inakoishia, kwenye dozi iliyokatika.

Wajibu wa kutoa taarifa unamlinda mwingine: mtoto asiyeweza kwenda kituo cha polisi mwenyewe, na mtu asiyejua kwamba yuko hatarini. Hawa hawapigi simu kulalamika kwamba hukusema. Ndiyo maana kunyamaza kunaonekana salama hata pale ambapo si salama.

VVU na mwenza: hapa nchi mbili zinaachana

Tuanze na baba aliyesimama dirishani.

"Nesi, jana mke wangu alipima hapa. Majibu yake yalitokaje?"

"Karibu, baba. Majibu yake anayo mwenyewe. Kama na wewe ungependa kupima, nafasi ipo sasa hivi. Na mkija wawili, nitakaa nanyi wote."

"Lakini nauli ya kuja hapa nilimpa mimi."

"Umefanya vizuri sana, baba. Majibu bado ni yake."

Nesi huyu hakuthibitisha wala hakukanusha. Na jibu lazima liwe lilelile hata kama mke hana maambukizi. Ukiwaambia wenye majibu mazuri kwamba "yuko salama" na kunyamaza kwa wengine, kunyamaza kwako kutakuwa kumeshatoa majibu.

Tanzania, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri na ya aliyepimwa, kisha kifungu cha 16 kinafungua milango michache: mzazi au mlezi kwa mtoto, mlezi au mwenza kwa asiyeweza kuelewa majibu yake, mahakama, na pia mume, mke au mwenza wa aliyepimwa. Kwa mwenza sheria inasema majibu yanaweza kutolewa, si kwamba ni lazima yatolewe. Mwenye amri ya kusema ni mgonjwa: kifungu cha 21 kinamtaka amjulishe mwenza wake mara anapojua hali yake.

Kenya, mlango huo ulikuwepo ukafungwa. Sheria yao ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 24 kilichomlazimisha anayeishi na VVU kuwajulisha aliokutana nao kimwili, na kumruhusu daktari kuwajulisha iwapo mgonjwa hakufanya hivyo. Machi 2015 Mahakama Kuu ilikitupa chote, ikisema maneno yake hayana mipaka inayoeleweka na yanavamia faragha. Mwaka huohuo agizo la rais liliwataka makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU, na mwaka 2016 mahakama ikasema utaratibu huo nao unavunja faragha. Na mgonjwa aliyevujishiwa siri Kenya ana pa kwenda: lipo baraza maalumu la mashauri ya VVU na UKIMWI. Bara hatuna kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo swali la "nimwambie mwenza au nisimwambie?" lina majibu mawili kwa mpaka mmoja. Lakini kazini swali hilo ni la mwisho kabisa, si la kwanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 usaidizi wa hiari katika kuwajulisha wenza, na njia zake ndizo zinazostahili kulinganishwa.

Njia ya kwanza, mgonjwa anasema mwenyewe. Haigharimu kitu na inamwachia heshima yake, ila wengi wanaahidi na hawasemi. Ya pili, mnapatana muda: mama anasema nitamwambia ndani ya wiki mbili, na mnakubaliana kwamba muda ukipita, mhudumu atamtafuta mwenza kwa ridhaa ya mama huyo. Ya tatu, mhudumu anampigia mwenza na kumwalika kupima, bila kutaja jina la aliyemtaja. Mjini inafanya kazi. Kijijini, kwa mtu mwenye mke mmoja, kutotaja jina ni mchezo wa kuigiza. Atajua kabla hujakata simu. Ya nne, mnakaa watatu chumbani, mgonjwa anasema na wewe uko kando kujibu maswali.

Mimi ningeanza na ya nne kwa wanandoa wanaoishi pamoja, isipokuwa jambo moja likiwepo: kipigo. Kabla ya kupendekeza njia yoyote muulize akiwa peke yake, "Ukimwambia, atafanya nini?" Akikujibu kwa kutazama chini, simama hapo. Dharura yenyewe pia imepungua kuliko ilivyokuwa. Anayemeza dawa vizuri hadi kipimo kisione virusi kwenye damu yake hamwambukizi mwenza kwa kujamiiana, na mwenza asiye na VVU anaweza kupewa dawa za kinga. Una wiki za kulifanya jambo hili vizuri badala ya dakika kumi za kulifanya vibaya. Ruhusa ya kifungu cha 16 ningeiweka kwa yule aliyeshauriwa mara kadhaa, anakataa, na mwenza wake bado yuko hatarini kweli. Hata hapo, uamuzi usiwe wa mtu mmoja anayetaka kwenda nyumbani. Uwe wa mganga mfawidhi na mshauri nasaha, uandikwe kwenye faili.

Mtoto: siri inarudi nyuma

Hapa sina maneno mengi ya "inategemea".

Mtoto wa miaka minne analetwa na mikono yote miwili imeungua. Aliyemleta anasema alijimwagia uji. Tazama ngozi, acha maneno kwanza. Uji uliomwagika hupiga kifua, hutiririka, huacha madoa yasiyolingana. Mikono hii imeungua kuanzia vidoleni hadi kifundoni, sawasawa kulia na kushoto, na pale juu kuna mstari ulionyooka ambapo kuungua kumekoma. Maji ya moto hayamwagiki hivyo. Mikono iliwekwa ndani ikashikiliwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Yeyote, maana yake na wewe mwenye koti jeupe. Kwa vitendo anayepokea ni afisa ustawi wa jamii, na pakiwa na kosa la jinai, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kenya utampata afisa wa watoto wa kaunti ndogo au polisi. Nchi zote mbili zina simu ya mtoto, namba 116, bila malipo.

Huhitaji ushahidi wa kumfunga mtu. Unatoa taarifa ya ulichokiona. Kuchunguza ni kazi ya wengine. Wahudumu wengi hukwama hapo, wakingoja kuwa na uhakika, na uhakika huja siku mtoto anarudishwa akiwa na hali mbaya zaidi.

Je, umwambie mlezi kwanza? Kwa kawaida ndiyo, kwa lugha ya kazi: "Mama, jeraha hili limenitia wasiwasi, na utaratibu wetu unanitaka nimwite mtu wa ustawi wa jamii aje tuzungumze." Lakini kama aliyemleta ndiye unayemshuku, au unaona atambeba mtoto na kupotea, mlaze mtoto wodini kwanza. Sababu ya kitabibu ipo, jeraha linahitaji kusafishwa. Kisha piga simu.

Gumu zaidi ni binti wa miaka 15 au 16 aliyekuja kupima ujauzito. Kwa sheria ya jinai ya Tanzania, kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akikubali, isipokuwa upenyo mwembamba uliobaki kwa walioolewa, na tangu 2016 kumpa mimba mwanafunzi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Kenya nayo, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, haikubali ridhaa ya aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wajibu wa kutoa taarifa upo. Lakini wasichana wakisikia kwamba kliniki yenu inaita polisi, watakwenda kwa wauza miti shamba.

Msaada unatoka kwenye swali la nani apokee. Kwa miaka mingi Tanzania habari ya mimba ilikwenda kwa mwalimu mkuu, naye akamfukuza binti shule, huku aliyempa mimba akiendelea na biashara zake. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ulifungua mlango wa kurudi shuleni, ila tabia ya kumpigia mwalimu simu haijafa. Mwalimu hayumo kwenye orodha. Anayepaswa kujua ni afisa ustawi, ambaye kazi yake ni kuuliza kwanza kama kuna mtu mzima anayemtumia binti huyu, kama nyumbani ni salama, na nani wa familia anaweza kuambiwa bila binti kupigwa. Baina ya wavulana na wasichana wa rika moja na mjomba wa miaka 40 kuna tofauti kubwa, na taarifa yako iandikwe kwa namna inayoionyesha. Huduma yake, kuanzia kipimo hadi kliniki ya wajawazito, haisubiri lolote kati ya haya.

Mtu mzima aliyepigwa au kubakwa

Mtu mzima si mtoto. Maisha ni yake na yeye ndiye atakayelala nyumba ile usiku. Wakati huohuo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kifungu cha 7, inamtaka kila mtu anayejua kutendeka kwa kosa la jinai ampe habari polisi au kiongozi wa eneo. Ukiisoma kwa ukali, kila mke aliyepigwa ingebidi apelekwe polisi hata akikataa. Kazini watu hawafanyi hivyo, na sidhani wakifanya hivyo wanawake wengi wangeendelea kusema ukweli wa kilichowavunja mkono. Ninachosisitiza ni kimoja: usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema mapema, kabla hajafungua moyo: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Kuna machache yakijitokeza, kama hatari kwa mtoto, itabidi nimhusishe mtu mwingine, na nitakuambia kabla."

Kisha linganisha fomu, maana hapa ndipo watu hupoteza saa za thamani. Tanzania PF3 hutoka polisi. Wananchi wengi wanaamini bila hiyo hawatibiwi, na wapo wahudumu wanaoamini hivyohivyo. Fomu ile ni ya ushahidi, si tiketi ya matibabu. Mtu anayevuja damu anatibiwa, PF3 inafuata. Kenya jambo hili liko ndani ya katiba yenyewe: ibara ya 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Tena Kenya wana fomu mbili: P3 ya polisi, na ile ya huduma baada ya kubakwa, MOH 363, inayojazwa hospitalini. Utaratibu wa Kenya ninaupenda zaidi, kwa sababu ushahidi unaandikwa na kuhifadhiwa hata kama mama hajaamua kushtaki. Akibadili mawazo baadaye, karatasi ipo. Bara, Vituo vya Mkono kwa Mkono vinakaribia hilo, maana daktari, polisi na ustawi wako mahali pamoja, ila si kila wilaya ina kimoja.

Dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Za kuzuia mimba zina hadi saa 120. Saa hizo hazisimami wakati mtu anatafuta nauli ya kwenda kituoni kuchukua fomu.

Risasi na mapanga ni habari nyingine. Aliyefanya hivyo anaweza kuwa bado anazunguka na silaha. Tibu, kisha polisi wajulishwe.

Magonjwa ya kuambukiza

Kwa kipindupindu au homa za kutoka damu hakuna kushauriana na mgonjwa kama anataka taarifa itolewe. Itatolewa. Marburg, mojawapo ya homa hizo, ilipotangazwa Kagera Machi 2023, waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, na huwezi kumfuatilia mtu usiyejua jina lake. Siri haikufutwa hapo. Jina linakwenda kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Kundi la WhatsApp la kata halihusiki.

Kifua kikuu kinakaa katikati. Kuwatafuta wanaoishi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Kumfunga mgonjwa si tiba. Kenya, mwaka 2010, wanaume wawili walipelekwa gereza la Kapsabet kwa kuacha dawa za TB, wakawekwa kwenye msongamano, mahali ambapo ugonjwa huo unapenda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kuwafunga hivyo kulikiuka katiba.

Wanaodai habari bila haki

Mwajiri aliyelipia bima au vipimo vya kazi: apewe kama mtu anafaa kazi au hafai, si ugonjwa wake. Kaka mkubwa wa familia: amuulize mgonjwa. Mwandishi wa habari: hapana. Askari anayetaka faili: aandike, aeleze kesi gani na kwa sheria ipi, barua iende kwa mganga mfawidhi. Kufuata utaratibu si kumdharau askari.

Ukishaamua kusema

Andika kwenye faili ulichokiona, mgonjwa alivyosema kwa maneno yake, ulimpigia nani, saa ngapi, naye alijibu nini. Usiandike hisia zako kuhusu familia ile. Mpe anayepokea kile tu anachohitaji: afisa ustawi anayefuatilia mikono iliyoungua hana haja ya kujua kama mama wa mtoto anatumia ARV. Faili lirudi kabatini, si juu ya kaunta ambapo jina linasomeka kutoka kwenye benchi. Na pale kwenye dirisha la dawa, acha kupaza sauti "wa kifua kikuu, njoo!" Ita jina, dawa ifungwe, maelekezo yatolewe kwa sauti ya watu wawili.

Siku tatu zikipita na hakuna aliyekuja kumwona mtoto, piga tena. Mara ya pili usiishie kwa mtu yuleyule. Nenda kwa afisa ustawi wa wilaya au 116, na uandike hilo nalo.